Farasi au Miguu?

Wapo washikaji hapa Maramba, ukiwakalisha mbele ya gemu la Age of Empires II wimbo wao ni mmoja tu: farasi! Askari wa miguu, eti, ni makapi. Jamani! Hata hesabu ya gemu lenyewe inawaumbua. Mpanda farasi mzito anakula chakula 60 na dhahabu 75. Mwenye mkuki ni chakula 35 na kuni 25, na kazi yake ni kumwangusha huyo huyo mwenye farasi.

Tuiache kompyuta. Novemba 1914 Waingereza walishusha Tanga wanajeshi kama 8,000. Waliowarudisha majini walikuwa kama 1,000, wengi wao askari Waafrika wa jeshi la Mjerumani, wa miguu. Mwaka 1916 Van Deventer akapeleka wapanda farasi wa Afrika Kusini hadi Kondoa Irangi. Mvua, mbung'o na maradhi vikawafyeka farasi, jeshi likakwama. Nani aliibeba vita ile mpaka 1918? Askari wa miguu, na mpagazi mwenye mzigo kichwani. Wapagazi walikufa makumi ya maelfu.

Hapo ndipo ugomvi wangu nanyi mnaoandika. Shujaa wenu kila siku yuko juu ya farasi, upanga mkononi, kana kwamba Usambara ni Uingereza! Mpagazi je? Nani atamwandika, kama si sie tuliozaliwa kwenye njia alizopita?

Shukeni kwenye farasi, waandishi. Tembeeni.