Usiidharau "ya" ndogo



Kila mwaka mitihani ya SATs ya mwezi wa Mei ikikaribia, viti vya darasa letu la Jumamosi huanza kubaki wazi. Sababu huwa ni ileile: "Mwalimu, tumeona tupumzishe Kiswahili kwanza, kisije kikamchanganya mtoto." Nawaelewa. Karatasi ya sarufi ya Mwaka wa 6 ina alama 50 kwa dakika 45, na hakuna mzazi anayetaka mwanawe apoteze hata moja. Lakini naomba nibishe, na nitabisha kwa jambo moja tu: kulinganisha.

Mtoto aliyetoka likizo Mombasa huandika hivi: "The queue at Likoni is longer than Woolwich." Alitaka kulinganisha foleni za vivuko viwili, lakini sentensi yake imelinganisha foleni na mji mzima. Sasa mwambie aseme kwa Kiswahili: "Foleni ya Likoni ni ndefu kuliko ya Woolwich." Umeiona ile "ya" ya pili? Hiyo ndiyo inayosimama badala ya foleni ya Woolwich. Kiingereza nacho kinataka neno la kufanya kazi hiyo: "longer than the one at Woolwich".

Au chukua mkoba. "My bag is heavier than Juma" inampandisha Juma mwenyewe kwenye mizani! Kiswahili kinasema "kuliko wa Juma". Kiingereza kinasema "than Juma's".

Kosa hili haliishii shule ya msingi. Kwenye GCSE ya Kiingereza mwanafunzi hutakiwa kulinganisha mawazo ya waandishi wawili. Akiandika "Her view is more hopeful than the first writer", amelinganisha wazo na mtu. Mtoto aliyezoea "kuliko ya" na "kuliko wa" ana sikio la kugutuka hapo.

Sisemi Kiswahili hakina mitego. Sisi husema "kubwa zaidi kuliko", na mtoto akitafsiri neno kwa neno atapata "more bigger". Mweleze kwamba Kiingereza huchagua kimoja, "-er" au "more", si vyote viwili. Na sisi wazazi tukiwa na haraka husema "ndefu kuliko Woolwich", ile "ya" ikaanguka njiani. Lakini dawa ya mtego ni kuujua, na mtoto hataujua ikiwa lugha yenyewe tumeifungia kabatini mpaka Juni.

Kwa hiyo ombi langu ni hili: msimtoe mtoto darasani. Jioni mkila, kila mmoja alinganishe vitu viwili kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Dakika tano zatosha.

Nanyi watoto, kazi ya wiki hii: Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895. Mtu ameandika, "Kilimanjaro is higher than any mountain in Africa." Je, Kilimanjaro wenyewe hauko Afrika? Kuna neno moja limesahaulika. Iseme sentensi hiyo kwa Kiswahili kwanza, halafu mje na jibu Jumamosi.