MALEZI NA NESI, SEHEMU YA 4: Mtoto Hakupigwa na Filamu

Leo naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Juzi kwenye grupu letu la kina mama mmoja alituma sauti ndefu. Eti filamu za mashoga ndizo zinazoharibu watoto wetu, na dawa ni fimbo mapema. Wengi wakajibu amina. Mimi nilinyamaza. Najibu hapa.

Miaka ya nyuma, nikiwa zamu ya usiku, aliletwa kijana wa miaka 16. (Nimebadilisha mambo kadhaa ili asijulikane.) Mama yake akasema ameanguka na bodaboda. Jamani, vidonda vya bodaboda navijua. Bodaboda inachubua magoti, viwiko, uso. Haichori mistari mgongoni kama daftari. Ule ulikuwa waya.

Baadaye mama akaninong'oneza: wajomba zake ndio waliompiga, maana walikuta meseji alizomwandikia mvulana mwenzake. Nikamwambia akachukue PF3 polisi. Akanishika mkono: "Dada nesi, nikienda, watamkamata nani?"

Sikuwa na jibu. Na mwenzangu wa zamu, alipojua sababu, akavua glavu. "Huyo mmalizie wewe." Nikammalizia. Lakini mwenzangu sikumwambia neno, na hilo linaniuma hadi leo.

Sasa niambieni, kijana huyo aliharibiwa na filamu gani? Simu yake kitochi. Filamu alizoziona ni za banda umiza kama watoto wote wa huku: kung fu, vita, na DJ anatafsiri. Tena kama filamu ingekuwa inambadilisha mtu, hizo harusi zote za kwenye tamthilia si zingeshambadilisha?

Mimi filamu moja ya hayo mambo nimeiona. Inaitwa Rafiki, ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2018. Ndiyo filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa tamasha la Cannes, Ufaransa. Kenya wenyewe wakaipiga marufuku mwezi wa nne mwaka huo. Mwezi wa tisa Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku saba tu, na watu wakajaa ukumbini Nairobi.

Ni habari ya mabinti wawili, Kena na Ziki, wanaopendana mtaa mmoja Nairobi. Mtaa wenyewe ni kama Kigongo tu, ukikohoa huku, kule wanasema unaumwa. Kuna Mama Atim mwenye kibanda, umbea wote unapita kwake. Siku wanabambwa, watu wanawapiga. Polisi wakija, wanaobebwa ni mabinti, sio waliopiga. Ziki anapelekwa London. Baba yake Kena anagombea uchaguzi, na anajua itamgharimu, lakini anakataa kumtupia lawama mwanae.

Kena alitaka kuwa nesi. Ziki ndiye anamuuliza, kwa nini usiwe daktari? Na mwishoni ni daktari kweli. Mama Atim anaugua, na anakataa Kena asimguse. Hapo nikalia. Nikaikumbuka ile glavu.

Kahiu amesema bodi ya filamu ilitaka abadilishe mwisho, uwe wa majuto zaidi. Fikiria hapo. Binti kupigwa na mtaa mzima, sawa. Binti kubaki na tumaini, hapana.

Najua mtasema sheria. Sheria yetu naijua, adhabu inafika kifungo cha maisha. Lakini sheria hiyo haijampa mjomba waya. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na inakataza kumtesa. Haijaandika "isipokuwa yule anayetembea kwa madaha."

Mtasema dini. Hata mimi Jumapili nipo kanisani. Sikuombi uache imani yako. Nakuuliza tu, ukimfukuza saa nne usiku, anakwenda kulala kwa nani? Huko nje kuna watu wanaomsubiri, na hawamsubirii kwa mema.

Mtasema ni ugonjwa. Hilo ni eneo langu, nisikilizeni. Shirika la Afya Duniani liliyaondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990. Hakuna sindano yake, hakuna kidonge, na fimbo sio dawa. Ninachokiona mimi wodini ni kidonda kilichooza kwa sababu mtoto aliogopa kuja, na kijana aliyetaka kujitoa uhai kwa sababu nyumbani hakuna anayempa salamu.

Kwa hiyo mama, ukisikia neno juu ya mwanao, usikimbilie kuita wajomba. Funga mlango, mpe chakula, kaa naye. Huna la kusema? Nyamaza, ila kaa. Akiumizwa mlete hospitali, usiku wowote, na ukweli wa kidonda utuambie sisi. Mtoto anayeteswa, namba ni 116, bure.

Na manesi wenzangu mnaosoma hapa kimyakimya: glavu hazivuliwi.

Mnaotaka kunitukana, haya, uwanja wenu. Sehemu ya 5 ni Jumapili, tutaongea homa ya usiku kwa mtoto mchanga.