Chanda chema huvikwa pete: Vyuo vyetu viwaenzi wanamichezo na wakufunzi wao

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Lakini ukizuru vyuo vyetu vya ualimu, vya ufundi na hata vyuo vikuu, utaona kwamba wengi waliocheza kwao hawakutunzwa, na majina yao hayajulikani tena. Nimeingia katika afisi za wakuu wa vyuo kadhaa, nikaona makombe yamepangwa juu ya kabati na kufunikwa na vumbi. Kila niulizapo ni nani waliolileta kombe fulani, na ni mwalimu gani aliyewafunza, aghalabu hapatikani wa kunijibu.

Hali hii inasikitisha zaidi tukikumbuka jinsi wenzetu wa ng'ambo wanavyohifadhi habari za watu wao. Katika vyuo vikuu vya Marekani ni desturi ya miaka mingi kuwa na ukumbi wa heshima, ambamo majina na picha za wanamichezo na wakufunzi waliotia fora huwekwa ili wanaokuja nyuma wawajue. Baadhi ya wanariadha waliovipa vyuo hivyo sifa ni wana wa Kenya.

Chukua mfano wa marehemu Henry Rono, aliyesomea Chuo Kikuu cha Washington State na kufunzwa na kocha John Chaplin. Mwaka wa 1978, akiwa mwanafunzi, alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Isitoshe, alishinda mbio za nyika za vyuo vikuu vya Marekani mara tatu, mwaka wa 1976, 1977 na 1979. Hata hivyo, Rono hakupata kukimbia katika Olimpiki, kwani Kenya ilisusia michezo ya Montreal mwaka wa 1976 na ya Moscow mwaka wa 1980.

Kama kipimo cha heshima kingekuwa medali ya Olimpiki peke yake, bingwa huyo angesahauliwa. Hii ndiyo sababu naamini kwamba chuo kinapaswa kuweka kumbukumbu zake chenyewe. Serikali na mashirikisho ya michezo huwatazama washindi wa dunia. Chuo ndicho kinachojua ni nani aliyeamka alfajiri kufanya mazoezi kisha akaingia darasani, na ni mwalimu gani aliyesimama kando ya uwanja mvua ikimnyeshea.

Mwalimu huyo ndiye tunayemsahau kuliko wote. Mwanariadha akishinda, hupigwa picha na kuvishwa shada. Aliyemfunza hubaki nyuma akisahihisha madaftari. Shule ya upili ya St Patrick's, Iten, imetuonyesha njia. Huko, Brother Colm O'Connell, aliyefika kutoka Ireland mwaka wa 1976 kufundisha jiografia, aligeuka kuwa mkufunzi wa mabingwa. Miongoni mwa wanafunzi wa shule hiyo ni Peter Rono, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki katika mita 1,500 mwaka wa 1988. Shule hiyo imepanda miti kwa heshima ya mabingwa wake, na mwanafunzi apitaye chini ya miti hiyo hukumbushwa kwamba waliotangulia walikuwa wanafunzi kama yeye.

Wapo watakaosema kwamba vyuo havina fedha, na kwamba maabara na vitabu vinatangulia. Sipingi hayo. Lakini daftari la kumbukumbu, ubao wa majina na picha chache ukutani haviwezi kukifilisi chuo. Iten walianza na miche.

Ninaloliogopa ni ukumbi huo kugeuzwa mahali pa kuwatukuza wafadhili na wanasiasa. Ndiyo maana nashauri kila chuo kiunde kamati ya walimu, wanafunzi na waliohitimu zamani, itakayochagua kwa kuzingatia rekodi zilizoandikwa na mwenendo wa mhusika. Aliyepatikana na hatia ya kutumia dawa za kuongeza nguvu asiwekwe, na kama yumo, jina lake liondolewe. Wanawake wasisahauliwe, wala michezo isiyo na umaarufu wa riadha na soka. Na jina la kila mwanamichezo liandikwe pamoja na la mkufunzi wake.

Heshima pia isiishie ukutani. Rono mwenyewe alisimulia jinsi alivyotaabishwa na ulevi na kukosa makao baada ya sifa zake kufifia. Alirejea nyumbani mwaka wa 2019, akafariki Februari 2024. Chuo kinachomwandika mtu katika orodha ya mashujaa wake hakina budi kumwalika azungumze na wanafunzi na kumjulia hali akiwa bado hai.

Walimu na wanafunzi wasingoje waraka kutoka wizarani. Muhula huu, chama cha michezo cha kila chuo kiwatafute walimu waliostaafu, kiwaulize nani alishinda nini na lini, na kiyaandike majibu. Wazee wenye kumbukumbu hizo wanapungua kila mwaka.