Uzuri uliofunika hadithi ya Out of Africa

Si rahisi kuikosoa filamu ya Out of Africa bila kuonekana mchoyo wa sifa. Sydney Pollack aliitoa mwaka 1985, na mwaka uliofuata ikazoa tuzo 7 za Oscar kati ya 11 ilizowania, ikiwemo ya filamu bora. David Watkin, aliyesimamia upigaji picha, alistahili yake bila ubishi. Ndege ndogo ya mwindaji Denys Finch Hatton inapopaa juu ya Bonde la Ufa, heroe wakatimka kwa maelfu na muziki wa John Barry ukatanda, hata mtazamaji mgumu hulegea. Wapenzi wa filamu hii hukubali kwamba hadithi yake ni nyepesi, ila huona hiyo ni kasoro ndogo, na kwamba picha zimeifidia. Nadhani wanakosea. Picha hazikuifidia hadithi. Ndizo zilizoipunguza, kwa sababu kila inapokaribia jambo zito, kamera huinuka na kutuonyesha vilima.

Kwa dakika 161 hayatokei mengi. Karen Blixen kutoka Denmark anafika Kenya, anaolewa na Bror, wanapanda kahawa chini ya vilima vya Ngong. Ndoa inavunjika, Karen anampenda Denys, shamba linafilisika, Denys anakufa kwa ajali ya ndege mwaka 1931, na Karen anarudi kwao. Mgogoro unaorudiwa ni mmoja: mwanamke anataka mwenzi wa kukaa naye, mwanamume hataki kufungwa. Denys ana falsafa yake kwamba hakuna anayemiliki chochote duniani, sote ni wapita njia. Ni maneno matamu, tena yanatoka kinywani mwa Robert Redford. Lakini sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliruhusu walowezi wa Kenya kukodishiwa mashamba kwa miaka 999, huku ikimfanya Mwafrika kuwa mpangaji asiye na haki katika ardhi ya babu zake. Mpita njia gani huyo mwenye hati ya karne kumi? Filamu imechagua kuzungumzia kumiliki na kutomiliki, imeweka mazungumzo hayo ndani ya shamba la mlowezi, kisha haimwulizi Denys wala Karen swali hilo hata mara moja. Uzito wa hadithi ulikuwa pale pale, mbele ya kamera.

Badala yake tunapewa mandhari. Nchi ikitazamwa kutoka angani haina mashamba ya watu wala mipaka, na mtazamaji huondoka akiamini kuwa ilikuwa tupu, ikingoja wapenzi wawili waje kuipenda. Vita Kuu ya Kwanza inageuzwa safari ya ujasiri: Karen anaongoza msafara wa magari ya ng'ombe kuwapelekea wanajeshi mahitaji, anapambana na simba, anafika akiwa na vumbi linalompendeza. Katika vita hivyo hivyo wapagazi Waafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zilipata majina yao kutokana na kikosi cha wapagazi hao. Miaka ya hadithi hii pia ndiyo miaka ya kipande, kitambulisho ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kukibeba, na ya Machi 1922, waandamanaji waliodai mwanaharakati Harry Thuku aachiliwe walipopigwa risasi Nairobi, si mbali na shamba hilo. Simdai Pollack somo la historia. Ninachosema ni kwamba mambo haya yangewapa wahusika wake kitu cha kugombania, na bila hayo wamebaki kugombania usafi wa mapenzi yao.

Utetezi wa kwanza ni kwamba hii ni hadithi ya Karen, kama alivyoikumbuka mwenyewe, na kumbukumbu hupamba. Basi tukirudie kitabu kilichozaa filamu hii. Kitabu chake cha mwaka 1937 kina dhambi zake, na Ngũgĩ wa Thiong'o alikishambulia vikali kwa jinsi kinavyomtazama Mwafrika. Hata hivyo kimejaa watu. Kuna kesi ndefu ya mtoto aliyefyatua bunduki kwa bahati mbaya, na wazee wakakaa kupatana fidia ya mifugo. Kuna Kamante jikoni, kuna Chifu Kinanjui na heshima yake. Mapenzi ya Karen na Denys, yaliyoibeba filamu nzima, kitabuni hayasemwi waziwazi. Kwa hiyo wembamba huu haukurithiwa. Waandaaji walikuta kitabu chenye watu wengi, wakawaweka pembeni, wakapanua penzi mpaka likajaza skrini. Kwamba muswada wenyewe ulipata Oscar kunatueleza zaidi ladha ya wapiga kura wa mwaka ule.

Utetezi wa pili una nguvu zaidi: sinema ni sanaa ya macho, na si lazima ibebe visa kama riwaya. Nakubali kabisa. Barry Lyndon ya Stanley Kubrick, ya mwaka 1975, nayo ni filamu ya enzi za kale yenye kisa kinachoweza kusimuliwa kwa sentensi mbili, ikienda polepole kwa saa tatu. Kubrick alipiga picha za usiku kwa mwanga wa mishumaa, akitumia lenzi zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA. Tena na tena kamera yake huanza kwa mtu mmoja, kisha hurudi nyuma taratibu mpaka yule mtu anakuwa nukta katika bustani ya matajiri. Hapo picha inafanya kazi ya hadithi: inatuonyesha kijana anayejitutumua kuingia katika tabaka ambalo halitampokea, akimezwa na uzuri anaoutamani. Mandhari ya Pollack hayamgeukii Karen namna hiyo. Yanamkubali, yanamliwaza, yanampa haki.

Wapo pia watakaotaja watalii walioletwa na filamu hii, na kweli nyumba ya Karen ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986. Hilo ni jambo jema kwa hoteli na waongoza watalii, lakini ni kipimo cha tangazo.

Kuna mahali pawili ambapo filamu inakaribia kujua ilichoacha. Karen anaziba mto ili apate bwawa, na anaelezwa kwamba maji yale kwao ni Mombasa. Baadaye mvua inavunja ukingo, naye anayaacha yaende. Hapo picha na wazo vinakwenda pamoja, na mtu mwenye kiburi anajifunza kitu kutoka kwa nchi anayoilima. Mahali pa pili ni karibu na mwisho. Shamba limeuzwa, na Karen anapiga magoti mbele ya gavana mpya, kwenye hafla ya bustanini, akiomba Wagikuyu wa shambani wapewe ardhi. Meryl Streep anacheza vizuri sana. Kamera inaiangalia aibu yake, gauni lake, nyuso za wageni walioshtuka, na ombi linakubaliwa. Waliokuwa wakiombewa hawasikiki hata neno moja, na filamu haioni kama kuna kilichopungua.