AFYA YA JAMAA: Ekografi si ya wenye mimba tu



Mutu akisema "ekografi", wengi wetu tunafikiri mama mwenye tumbo anayetaka kujua kama atazaa kijana ao binti. Mwezi huu tuseme juu ya kazi ingine ya ile mashini. Inawahusu sana ninyi, baba na vijana munaoshuka katika mashimo ya shaba na kobalti.

Pafu linafunikwa na ngozi mbili nyembamba: moja imeshikana na pafu, ingine na mbavu kwa ndani. Tukipumua, zinateleza moja juu ya ingine. Udongo ukimwangukia mutu, ubavu unaweza kuvunjika na kutoboa pafu. Hewa inaingia katikati ya zile ngozi, na pafu linanywea kama mpira uliotoboka. Mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la mawe ao kifua kikuu yanaweza kupasuka hata bila kuanguka.

Munganga anafanya nini? Mugonjwa amelala chali, anaweka kile kichwa cha mashini juu ya kifua, katikati ya mbavu mbili. Anaona mustari mweupe. Ukiteleza huku na huku kwa kila pumzi, pale chini pafu liko mahali pake. Ukikaa kimya, kuna mashaka. Tena akipata mahali ambapo kutelezea na kukaa kimya vinakutana, hapo hana shaka: hewa imeingia.

Walioandika kwanza juu ya jambo hili walikuwa waganga wa nyama, mwaka 1986, tena juu ya farasi! Kwa watu, Daniel Lichtenstein na mwenzake wa Ufaransa waliliandika mwaka 1995.

Wengine watasema: "Si wamupige radio tu?" Radio ni nzuri, lakini mugonjwa akilala chali hewa inapanda mbele na picha inaweza kuificha. Hesabu iliyokusanywa mwaka 2020 juu ya watu walioumia inaonyesha hivi: kwa watu 100 wenye pafu lililonywea, ekografi iliwagundua karibu 91, radio 47 tu. Na ekografi inamufuata mugonjwa kitandani, kwa dakika chache.

Lakini si uganga wa kubahatisha. Mutu aliyepona kifua kikuu anaweza kuwa na zile ngozi zimegandamana; mustari hautelezi, na hewa hakuna. Kwetu watu kama hao ni wengi, basi mumwambie munganga magonjwa ya zamani, musifiche. Tena mutu akianza kuzimia, pumzi inakatika, munganga hangoji mashini yoyote: anachoma sindano kubwa kifuani ili hewa itoke, kisha anaweka mupira unaoishia katika chupa ya maji.

Na nyumbani? Wamama, musimufunge kifua na kitenge kwa nguvu, wala kumukanda mbavu. Kufunga kunamuzuiza kupumua. Kama mugongo haukuumia, mumuache aketi, na mumupeleke upesi, hata kama anasema "ni maumivu kidogo tu, yaya". Maumivu ya gafula upande mumoja pamoja na pumzi fupi si ya kulala nayo hadi asubuhi. Mukifika, museme saa aliyoanguka na upande unaouma. Kama hospitali haina radio, muulize: "Ile mashini ya wamama iko? Inaweza kuangalia kifua?"