Afya ni Amana: Vita Visivyoonekana Mwilini mwa Mtoto



Mwezi huu twapenda kusema na wazazi juu ya maradhi ya sukari yale yanayowashika watoto, kwani dhana zilizoyazunguka ni nyingi. Mama hujilaumu kwamba amemlisha mwanawe halua mno. Jirani husema kwamba mtoto amepigwa na jicho. Na katika kubishana huko, mtoto azidi kudhoofika.

Ukweli wa jambo ni huu. Nyuma ya tumbo la chakula mna kiungo kiitwacho kongosho. Mwaka 1869 kijana wa Kijerumani, Paul Langerhans, aliona ndani yake mafungu madogo ya chembe, yametawanyika mfano wa visiwa baharini. Humo zimo chembe ziitwazo beta, zifanyazo insulini. Nayo ndiyo inayoifungulia sukari ya damu mlango wa kuingia mwilini. Katika maradhi haya askari wa mwili, ambao Mwenyezi Mungu amewaumba ili watulinde na vijidudu, huzigeukia chembe hizo na kuziua. Basi halua haina kosa hapa. Na jicho hatulikanushi, lakini si kila ugonjwa ni jicho.

La kuzingatia zaidi ni kwamba vita hivyo huanza zamani kabla ya mtoto kuugua. Huko Japani walipatikana panya wa namna ya pekee, ambao habari zao zilitangazwa mwaka 1980, wanaopatwa na maradhi haya wenyewe. Mwaka 1999 wataalamu waliowachunguza panya hao walieleza kuwa, kabla ya sukari kudhihiri, chembe za beta zilizosalia huzaana kwa kasi kupita kawaida, kana kwamba zataka kuziba pengo la zilizokufa. Hata hivyo jumla yake huzidi kupungua, kama maji ya mtungi uliotoboka: waujaza, nao wavuja. Ama kwa wanadamu, chembe hizi huzaana zaidi katika utoto wa mwanzo, kisha kuzaana kwake hupungua sana.

Dalili za vita hivi huweza kuonekana katika damu miezi au miaka kabla ya ugonjwa wenyewe. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo teplizumabu, ambayo katika majaribio iliuchelewesha ugonjwa kwa muda wa kadiri ya miaka miwili. Haiuponyi, lakini miaka miwili ya utoto si kitu kidogo.

Je, sisi tufanye nini? Mtoto akinywa maji bila ya kukata kiu, akikojoa mara kwa mara, akirudia kukojoa kitandani baada ya kuacha, akakonda na kuchoka, msiseme ni minyoo au homa tu. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, mtake apimwe sukari. Akianza kutapika na kuhema kwa nguvu, hiyo ni hatari ya mauti.

Na akiandikiwa sindano ya insulini, asiachishwe hata siku moja kwa sababu ya kombe au dua. Dua na dawa ni ndugu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kujitibu. Wako wanaoiogopa kwa kuwa insulini ya zamani ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na za nguruwe. Nawajue kwamba tangu mwaka 1982 imekuwa ikiuzwa insulini ya namna ya binadamu, ifanywayo kwa vijidudu bila ya mnyama yeyote. Na ikija Ramadhani, wazazi wamwulize tabibu kwanza, kwani Sharia imemsahilishia mgonjwa.

Watoto ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atuongoze katika kuwahifadhi watoto wetu. Amin.