Shati Lililovaliwa

Wapo wanaousifu Mfarishi wa UKIMWI wa Marekani kwa maneno yanayoniudhi kuliko matusi. Husema ni kazi safi ya mikono, ya kuwaliwaza wafiwa, na kwamba uzuri wake ni kuwa hauna habari na ushoga wa mtu. Huko ni kuupaka chokaa.

Cleve Jones, shoga wa San Francisco, alipata wazo lake mwaka 1985, katika maandamano ya kumkumbuka Harvey Milk, pale watu walipobandika majina ya waliokufa kwa UKIMWI kwenye ukuta wa jengo la serikali. Ukuta ule ukamjia machoni kama mfarishi wa viraka. Akachagua kitu cha bibi, cha kitanda cha familia, kwa ajili ya watu ambao familia nyingi zilikuwa zimewafukuza. Kila kipande kina futi 3 kwa futi 6, kadiri ya kaburi. Nao ulitandazwa Washington mara ya kwanza Oktoba 1987, vipande 1,920, katika siku zile zile za maandamano ya kudai haki za mashoga na wasagaji. Hauna habari nao, kweli?

Tazama na vitambaa. Wengi hawakuridhika na jora la dukani. Walikata jinzi, mashati, tai, makoti ya ngozi, hata mapazia. Sisi tuliokulia katikati ya kanga hatuhitaji kufundishwa kwamba nguo husema. Ila kanga husema kwa maandishi. Shati la marehemu husema kwa kola iliyochakaa. Na shati hilo alikuwa nalo nani? Matangazo ya vifo mara nyingi yalimtaja mama na ndugu, yakamruka mwanamume aliyemuuguza marehemu hadi mwisho. Huyo hakuwa na cheti cha ndoa. Alikuwa na kabati waliyotumia pamoja, na sindano.

Nitaambiwa wamo pia watoto, wanawake, na waliopata virusi kwa kuongezewa damu. Wamo, na ni haki yao. Lakini mgeni akikaribishwa, mwenye nyumba hatolewi nje. Vimo hata vipande vyenye jina moja tu, kwa kuwa jamaa waliogopa la ukoo kujulikana.

Vipande sasa ni kama 50,000. Anayetaka kuvionyesha bila kuyataja mapenzi hayo, na achukue mkasi, aanze kwa kuyafumua mashati.